Direkta wa Shule ya Watoto Wanne

Kila siku ya shule, watoto wanne wa jirani yangu walikuwa wakinywa chai jikoni kwao, wakimaliza wanavaa viatu, wanabeba mabegi mgongoni na kutoka kwa mlango wa nyuma. Walizunguka nyumba kwa mstari, wakapita kando ya mapipa ya taka na kamba yangu ya kuanikia nguo, mpaka wakafika mlango wa mbele. Hapo walimkuta baba yao amesimama kizingitini, shati limepigwa pasi na tai shingoni. Aliwasalimu kama mtu ambaye hajawaona tangu jana. Nao walimwamkia, wakaingia, mlango ukafungwa. Shule imeanza.

Siku za mwanzo nilimwuliza kwa nini watoto hawatoki tu jikoni wakaingia sebuleni, maana ni mlango mmoja. Alinitazama kwa huruma.

"Jirani, mutoto hawezi kusoma mahali amekunywa chai," akaniambia. "Lazima aende ku masomo." Masomo, kwao, ni shule.

Tulimwita Direkta. Kwao, Kongo ya mashariki, mkuu wa shule ya msingi huitwa hivyo, na yeye alikuwa mkuu, mwalimu, mlinzi na mpishi wa shule yenye wanafunzi wanne, wote wake wa kuzaa. Sijui ni nani pale Mount Druitt, mtaa wetu huku Sydney, aliyeanza kumpa jina hilo, lakini nadhani alianza kwa kumcheka. Yeye alilipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Hata mke wake, mama mpole aliyefanya kazi ya kutunza wazee, ungempigia simu akakwambia Direkta amelala, au Direkta hajala, nawe ukaona haya kumsumbua mkubwa.

Mimi niliishi nyumba iliyoshikana na yao, ukuta mmoja katikati, na ukuta wenyewe mwembamba. Kazi yangu ilikuwa ileile ya mke wake, na nikitoka shifti ya usiku nilirudi kulala wakati shule ya jirani imepamba moto. Nimeijua mito ya Kongo macho yakiwa yamefumbwa. Nilijifunza jedwali la tisa kwa wimbo. Kuna siku Direkta aliuliza mji mkuu wa nchi fulani, watoto wakanyamaza, nami nikajikuta nimejibu kwa sauti nikiwa kitandani mwangu. Kutoka upande wa pili nikasikia, "Jirani amepata. Na ninyi?"

Kengele yake ilikuwa mfuniko wa sufuria na mwiko. Ubao wake ulikuwa mlango wa kabati alioung'oa na kuupaka rangi nyeusi, kwa hiyo vyombo vyao vya jikoni vilikaa wazi miaka yote ile, na mke wake alikuwa akisema, bila ukali, kwamba yeye amechangia elimu kwa vikombe vyake kuingia vumbi.

Alikuwa na maneno aliyoyarudia mpaka watoto wakawa wanayamalizia: kitu ambacho hujakiona, umekisikia tu. Ndiyo maana Alhamisi ilikuwa siku ya kutoka. Aliwapeleka wakaone bwawa linalonywesha jiji zima. Aliwapeleka kwenye mtambo wa mikate kule Smithfield, karibu na ghala alilofanyia kazi mwisho wa juma, wakarudi wananuka unga na kujua uzito wa kila kitu. Mara moja aliwapeleka makaburini kufanya hesabu za kutoa: mwaka wa kufa toa mwaka wa kuzaliwa. Hiyo hakuirudia. Majibu mengine yalitoka madogo mno, na watoto walirudi kimya, yule wa tatu akishikilia shati la baba yake mpaka mlangoni.

Alikuwa mkali sana kuhusu saa. Mtoto akikawia kule nyuma ya nyumba akichezea mjusi, alikuta mlango umefungwa na ikabidi abishe na kujieleza. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati. Kanisani aliingia mahubiri yakiwa katikati, akatembea polepole mpaka safu ya mbele na watoto nyuma yake, akakaa, kisha akaangalia saa yake kama anayeshangaa kwa nini mchungaji ameanza mapema.

Darasani mwake Kiingereza kilikatazwa isipokuwa katika somo la Kiingereza. Kiswahili asubuhi, Kifaransa baada ya chakula. Watoto walimsikiliza kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza, naye akawaambia warudie, wakarudia kwa Kiingereza kilichosemwa polepole. Na akikasirika kweli, yeye ndiye aliyevunja sheria. Hasira yake ilikuwa ya Kiingereza. Watoto walipenda sana siku hizo, kwa sababu Kiingereza chake kiliwachekesha; walifumba midomo kuzuia kicheko, na baadaye wakaja kwangu kunisimulia alichosema na alichotaka kusema.

Tena alikuwa mtu asiyeogopa kitu. Hakusimulia njia waliyopita kutoka kwao, lakini mke wake aliwahi kuniambia machache, na nikajua kuwa alivuka mahali ambapo wengine waligeuka. Mtu huyohuyo aliogopa ndege. Hapa Sydney, majira ya kuchipua yakifika, kuna ndege mweusi na mweupe anayelinda kiota chake kwa kumshukia mpita njia kisogoni. Mmoja alikaa kwenye mti wa kituo chetu cha basi, na alimjua Direkta kwa sura. Basi kuanzia mwezi wa tisa ungemwona Direkta akienda kituoni na tai yake na koti lake, na kichwani amevaa ndoo tupu ya aiskrimu, ambayo watoto wameichorea macho mawili makubwa kwa nyuma, kama wenyeji walivyowashauri. Aliwasalimu watu kwa heshima zote akiwa nayo kichwani. Hakuna aliyethubutu kumcheka mpaka basi liondoke.

Kanisani kwetu Wakongomani, Warundi na sisi Wakenya wachache tulikutana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Huko maneno hayakumwacha. Watu waliokaa miaka katika kambi za wakimbizi wakililia shule hawakuelewa mtu aliyeletwa mahali penye shule bure kisha akafungia watoto sebuleni. Wengine waliogopa kwamba serikali itakuja kuwachukua watoto, na ikichukua wa kwake itatuangalia na sisi. Mzee mmoja wa Kirundi alimwuliza waziwazi mbele ya watu, baada ya ibada, kwa nini anawafungia watoto. Direkta alimjibu kwa upole, "Papa, siwafungii. Niko nawafungulia polepole."

Wengi hawakujua sheria ya huku inaruhusu kufundishia watoto nyumbani, ukiomba na kukubaliwa, na kwamba kila baada ya muda anakuja afisa kukagua. Siku ya afisa, Direkta aliamka kufagia mpaka upande wangu wa ua. Alikuja mama mmoja mwenye viatu vya raba na uso wa kuchoka. Alionyeshwa ubao, akaimbiwa jedwali la tisa, akala mandazi. Kabla ya kuondoka alimwinamia yule mdogo wa mwisho, akamwuliza anapenda nini zaidi katika shule yake. Mtoto alifikiri vizuri, kisha akasema anapenda saa ya kurudi nyumbani. Nilikuwa dirishani kwangu, nikamwona yule mama ameshika ukuta akicheka. Ruhusa iliendelea.

Lakini sababu yenyewe ya shule ile ilikuwa Furaha, binti yake mkubwa.

Furaha alikuwa na miaka tisa walipofika. Aliingizwa darasani na watoto wa umri wake, mwalimu mzuri tu, shule nzuri tu. Siku moja alisimama kusoma, akatamka neno vibaya, darasa likacheka. Watoto hucheka, huenda hapakuwa na ubaya. Furaha akakaa na hakusema tena. Kwanza hakusema shuleni, kisha hata nyumbani akaacha, akawa anaonyesha kwa kidole. Ikapita miezi. Siku moja baba yake alikwenda kumchukua, akamkuta amesimama peke yake kando ya geti, sketi imelowa, kwa sababu alishindwa kumwomba mtu ruhusa ya kwenda chooni. Direkta alinisimulia hilo mara moja tu, tukiwa tunaanika nguo, akiwa amenipa mgongo, na hatukulizungumza tena. Juma lililofuata aliacha kazi ya kila siku, akabaki na shifti za Jumamosi na Jumapili, akang'oa ule mlango wa kabati.

Shule ilipofunguliwa, Furaha alizunguka nyumba na wenzake, akaingia, akakaa, akanyamaza. Baba yake hakumwuliza swali hata moja. Aliwafundisha wale watatu, Furaha akawa yupo tu. Halafu asubuhi moja Direkta aliandika hesabu ya kugawanya ubaoni, na jibu lake halikuwa sahihi. Kupitia ukutani nikasikia sauti nyembamba ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

"Baba, si hivyo."

Kisha nikasikia Direkta akimwita mbele aje arekebishe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwalimu aliyechoka kidogo. Baadaye alidai alikosea kwa makusudi. Mke wake akisikia hivyo alikuwa akijishughulisha na kitu kingine.

Miaka ikapita hivyo, na Furaha akafika kumi na tano.

Wakati huo Direkta alikuwa amejuana na familia nyingine zinazofundisha watoto nyumbani, karibu zote za Kizungu. Walikutana maktaba. Kulikuwa na mama mwenye watoto sita waliotembea pekupeku mpaka ndani ya maduka, kulikuwa na seremala aliyefundisha watoto wake ndani ya gari la kazi. Direkta aliwaheshimu sana ingawa hakuelewa nusu ya walichosema. Hao ndio waliopanga safari ya kwenda kuona ngome ya zamani kule La Perouse, kwenye kisiwa kidogo mbele ya ghuba. Direkta aliitayarisha safari ile kama harusi. Nilisikia habari za ngome majuma mazima kupitia ukutani: kuta, mizinga, mahandaki, kwa nini watu hujenga ngome mahali fulani na si pengine. Gari lake likaharibika katika juma lenyewe. Akaja mlangoni kwangu na tai, akaniomba, nami nilikuwa na gari la viti vinane na siku ya mapumziko.

Juma moja kabla ya safari Furaha alikuja kunisaidia kukunja mashuka. Alikunja kwanza, kisha akanieleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba anataka kwenda shule. Sekondari ya hapo juu, ile yenye uwanja. Alitaka miaka miwili ya mwisho aimalizie huko, apate cheti kama watu, akae na wasichana wa umri wake. Baba atasikia kama amemkataa. Akaniomba nimwambie mimi, kwa kuwa mimi ni mtu mzima, na baba ananisikiliza. Nilikubali, kisha nikakaa juma zima nikijiuliza nitaanzaje.

Tukaondoka asubuhi, mke wake akiwa kazini. Direkta alikaa mbele, begi la mandazi na mayai ya kuchemsha magotini. Njiani aliniuliza kama kwetu Mombasa kuna ngome. Nikamwambia ipo, kubwa, maarufu, ya Wareno, na kwamba nimekua nikipita ukutani mwake kila siku nikienda sokoni. Akauliza ndani pakoje. Nikasema sijawahi kuingia. Aligeuka kiti kizima kunitazama.

"Ukuta tu," akasema. "Kila siku, ukuta tu." Akageuka nyuma kwa watoto, akawaambia kwamba leo wataingia watu watano, na jirani ndiye wa sita, na jirani ndiye mwenye kuhitaji zaidi.

Tulipopita bandarini Port Botany, yale makontena yakiwa yamepangwa kama majengo ya ghorofa, aliwafanyisha hesabu za kuzidisha mpaka bandari ikaisha. Tulifika tumechelewa. Familia nyingine zilikuwa zimeshakusanyika upepo ukizipiga. Direkta akaangalia saa yake, akaniambia wenzetu hawa huwahi sana.

Kisiwa chenyewe ni mwamba tu, na kimeunganishwa na bara kwa daraja refu jembamba la mbao. Aliyetupokea alikuwa mzee wa kujitolea anayeongoza wageni, kofia pana, shada la funguo mkononi. Akafungua mdomo, na ikatoka pumzi tupu. Mafua yalikuwa yamemchukua sauti. Alitueleza kwa kunong'ona na kwa mikono kwamba mwenzake hakupatikana, kwamba hakutaka watoto wafike mbali hivyo warudi bure, na tumsamehe. Walioyasikia hayo walikuwa wa mstari wa kwanza peke yao. Wa nyuma walisikia upepo.

Furaha alikuwa mstari wa kwanza, kwa sababu popote walipokwenda baba yake aliwasukuma watoto wake mbele. Mimi na Direkta tulikuwa wa mwisho kabisa, yeye amemshika yule mdogo ukosi kwa sababu ya daraja. Nikamwona mama wa watoto sita akiweka mkono sikioni, akiuliza mzee anasemaje. Furaha akageuka akamwambia. Akasema kwa sauti kidogo, wa nyuma wakauliza nini, akasema kwa sauti zaidi. Yule mzee akamtazama msichana, akanong'ona sentensi nyingine, akasubiri. Furaha akaisema. Akanong'ona nyingine. Hivyo hivyo tukavuka daraja na kuingia getini, mzee akinong'ona na Furaha akipaza, na hakuna aliyempa kazi hiyo.

Nilimtafsiria Direkta hapa na pale, lakini baada ya muda akaniinulia kiganja ninyamaze. Alikuwa anasikiliza sauti, maneno aliyaacha.

Tukashuka kwenye handaki la chini, ambako zamani walihifadhi baruti. Ndani ni baridi na kuta zinarudisha sauti. Furaha alimaliza kueleza kwa Kiingereza. Kisha akanyoosha shingo juu ya vichwa vya watu, akatutafuta huko nyuma.

"Baba, unasikia?"

Akaanza upya kwa Kiswahili, yote, mbele ya wale Wazungu waliosimama wakimsubiri. Mtoto ambaye kwa miaka alimjibu baba yake kwa Kiingereza alikuwa anasema Kiswahili cha kwao, kimejaa mapengo, lakini hakikusimama. Alipokosa neno alisema hapa juu waliweka bunduki mukubwa sana.

"Mizinga," Direkta akaita kutoka nyuma.

"Mizinga," Furaha akasema, akaendelea.

Kuanzia hapo kila kituo kikaelezwa mara mbili. Akasema mizinga hii ilielekezwa baharini kumsubiri adui aje na meli, maana walihofia atauingia mji kwa mlango wa nyuma. Adui hakuja. Baadaye ngome ikawa makao ya wanajeshi wazee, wakaishi humo wakivua samaki. Direkta akataka kujua kama basi yote ilijengwa bure. Furaha akamwuliza mzee, mzee akatabasamu na kunong'ona, naye akatuletea jibu kwamba ngome aipendayo yeye ni ile ambayo haikupigana. Direkta alicheka mpaka yule mdogo akaachiliwa ukosi.

Halafu akauliza swali lake la mwisho, akiwa amenyoosha mkono kama mwanafunzi. "Muulize, bantu ba hapa, wenye inchi, ile wakati walikuwa wapi?"

Furaha akauliza habari za watu wa asili wa pale. Mzee hakutabasamu safari hii. Alituongoza mpaka mahali unapoona bara, akaonyesha nyumba zilizo juu kule kilimani, akanong'ona muda mrefu. Furaha akasema: walikuwa hapa. Wako hapa mpaka leo, wajukuu zao wanakaa kule. Anasema historia ya ghuba hii ni yao kabla ya kuwa ya ngome, na mtu akitaka kuijua awaulize wao, yeye anazo habari za ngome tu.

"Hiyo mushike," Direkta akawaambia watoto wake.

Tulirudi bara, tukatandika shuka kwenye nyasi. Watu walikuja kumshika Furaha mkono, yule mzee akampigia saluti. Nami nikajua kwamba wakati wangu wa kusema ndio huu, Direkta akiwa na furaha. Nikaanza kusafisha koo. Furaha akanitazama, akatikisa kichwa kidogo. Akakaa mbele ya baba yake.

"Baba, mwaka kesho nataka kuenda ku masomo ya kweli."

Direkta alikuwa ameuma yai. Wadogo wakaacha kula.

"Hii yangu ni ya uongo?"

"Hapana, Baba. Yako nimeimaliza."

Alilitafuna lile yai kana kwamba ni nyama ngumu. Upepo uligeuza pembe ya shuka, nikaikalia. Kisha akamwuliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya darasani, "Na siku wakikucheka?"

"Nitasema tena," Furaha akajibu.

Direkta akainuka, akapangusa suruali, akatembea peke yake mpaka mwanzo wa lile daraja, akasimama huko akitazama ngome. Nilidhani amekasirika. Furaha naye alidhani hivyo, kwa sababu alikuwa anachuma nyasi moja moja. Aliporudi karibu nikaona macho yake mekundu, lakini amefunga kifungo cha juu cha shati na kunyoosha tai.

"Hiyo shule," akasema, "nitaenda kwanza kuikagua."

Na kweli alikwenda, na koti. Furaha alinisimulia kwamba alipita madarasani mikono nyuma, akagusa madawati, akaomba kuona vyoo. Akamwuliza mkuu wa shule, mama mmoja, wanafanyaje na mtoto asiyesema. Yule mama akasema huwa wanamwacha mtoto achague mtu mzima mmoja anayempenda, hata akiwa mfagiaji, na wanaanzia hapo. Direkta akafikiri, akampa mkono, akamwambia kwa Kiingereza kwamba shule yake imepita.

Wengine walifuata, mmoja baada ya mwingine. Upande wa pili wa ukuta sauti zilipungua. Mwaka mmoja alibaki yule mdogo peke yake, akizunguka nyumba asubuhi bila mtu wa kumfuata, na Direkta akimfundisha kwa sauti ileile ya kufundishia wanne. Kisha naye akaenda. Asubuhi ya kwanza baada ya hapo nililala usingizi mzuri kuliko miaka yote, na nilipoamka sikuupenda. Muda mfupi baadaye nikahamia upande wa Penrith, karibu na kazi, na tukawa watu wa salamu za simu wakati wa sikukuu, kisha hata hizo zikapungua.

Juzi, si muda mrefu, nilikuwa nimekwenda Mount Druitt kumwona mgonjwa. Nikapita barabara ya shule ya msingi saa ya watoto kutoka. Magari yalikuwa yamesimama, na katikati ya kivuko, amevaa koti refu jeupe na kofia, ameshika lile bango la duara la kusimamisha magari, nikamwona Direkta. Nywele zimeingia mvi. Chini ya koti lile jeupe, tai.

Watoto walipita mbele yake kwa makundi, wa kila rangi, wakimwita jina nililoshindwa kuamini: Direkta. Hata wale Wazungu wadogo, ambao nadhani walidhani ndilo jina lake la kuzaliwa. Kila mmoja alisimama kidogo akamwambia kitu, naye akainamisha kichwa kusikiliza kabla ya kumruhusu. Kivuko cha dakika moja kilikuwa kinachukua muda mrefu sana.

Aliponitambua uso ulifunguka wote. Watoto walipoisha akaja dirishani kwangu, bango begani, akaniuliza hali, akauliza kazi, akaniuliza kama nimeshaingia ile ngome ya Mombasa. Nikamwuliza habari za Furaha. Akatikisa kichwa kwa mshangao wa mtu ambaye hajazoea bahati yake.

"Furaha iko najifunza kazi ya umeme," akasema. "Nilimufundisha mito yote ya Afrika, jirani. Sasa anapanda ku nguzo."

Nikamwuliza kama anamwogopea. Akasema anaogopa kila siku, na kila siku jioni Furaha anampigia simu kumwambia ameshuka.

Gari la nyuma yangu likapiga honi. Kijana mmoja wa gari la mizigo, mkono nje ya dirisha. Direkta akainua kichwa polepole, akamtazama kwa yale macho ya mwalimu niliyoyajua. Akaniambia nimsubiri kidogo. Akarudi mpaka katikati ya kivuko, akasimama wima, akainua bango.

Hapakuwa na mtoto. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Kijana akatoa kichwa dirishani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akarudisha kichwa ndani.

Mimi nilizima injini.